Kamba ya Waipa

Clarrie Tuckwell alikuwa na wake wawili, na mke mkubwa alikuwa lori. Watu wa Cobbin Flat walisema hivyo baani mbele ya Verna mwenyewe, naye alicheka pamoja nao, maana angefanyaje. Lori lilikuwa la kijani, la tangu vita vilipokwisha, Clarrie amelirithi kwa baba yake, na kila Jumapili alilipangusa kwa kitambaa laini. Siku Verna alipoanguka ngazi za nyuma akavunjika mguu, alipelekwa hospitali kwa gari la jirani. Njia ilikuwa na matope, na lori lilikuwa limeshaoshwa.

Kitu kimoja tu katika lori lile kilikuwa cha Verna, nacho ni waipa za kufutia kioo cha mbele. Hazikuwa za umeme. Ziliendeshwa na pumzi ya injini: injini ikivuta hewa kupitia mpira mwembamba, waipa zinacheza. Kwenye tambarare utazipenda. Panda mlima sasa, kanyaga mafuta, uone: injini inajililia yenyewe, haina pumzi ya kumgawia mtu, na waipa zinalala katikati ya kioo wakati mvua ndiyo kwanza inakolea. Dereva mwenye akili zake huachia mafuta kidogo, zikapiga mara mbili tatu, akakanyaga tena. Clarrie haachii. Kuachia mafuta mlimani, alisema, ni kulidhalilisha lori. Yeye alifunga kamba kwenye waipa moja, akaipitisha kidirisha cha pembeni, ikakatiza mbele ya vifua vyao, ikatokea upande wa pili hadi waipa nyingine. Na wa kuivuta, kulia na kushoto mpaka kileleni, alikuwa Verna.

"Vuta, mama," angemwambia. "Mkono ukiuma, tumia wa pili. Mungu hakukupa mmoja."

Mikono yenyewe ilikuwa imefua mashuka ya hospitali ujana wake wote, vidole vimevimba viungo kama tangawizi. Ndiyo sababu Verna alizitunza waipa zile kwa bidii ambayo Clarrie hakuijua. Kila baridi ilipoingia alifungua mota yao ndogo ya hewa, akailainisha ngozi iliyomo ndani kwa mafuta ya kwato za ng'ombe, maana mafuta ya injini huikausha ikapasuka. Mwaka uliopita aliutoa mpira uliooza akaweka mpya, mnene. Tangu hapo, Clarrie akiinua mguu hata kidogo kwenye kona, waipa zilijikongoja, na mikono ya Verna ilipata nafuu.

Kisha Janelle akapiga simu kutoka Tarraleigh, ng'ambo ya mlima. Janelle ni binti wa Una, na Una ndiye dada pekee wa Verna, aliyemlea baada ya mama yao kufariki.

"Mama mdogo, njoo leo," Janelle akasema. "Usingoje. Mama hali yake mbaya, anakutaja wewe tu."

Verna hakujua kuendesha. Clarrie alikataa kumfundisha, akisema mwanamke akijua kuendesha anajua na kuondoka.

"Bahati yako," Clarrie akamwambia. "Kesho kuna maonyesho ya malori ya zamani huko huko. Safari moja, shughuli mbili."

"Tuazime gari la jirani, Clarrie. Litawahi."

"Gari la jirani litaniletea kikombe cha ushindi?"

Alipotoka na mkoba wake, akamkuta mumewe amefunua boneti. Ule mpira mzuri ulikuwa chini sakafuni. Mahali pake Clarrie alikuwa akichomeka mwingine, mkavu, wenye nyufa, aliouagiza kwa mkusanyaji wa vitu vya kale.

"Huo umeoza."

"Umeoza, lakini ni wa asili. Umri wake na wa lori ni mmoja. Mwamuzi ni Neville, yule anayepenyeza pua kila mahali. Akiuona mpira wako wa dukani atanikata alama."

Jamani, mtu na akili zake timamu anatoa kizima anaweka kibovu, na kibovu ndicho kinachopewa zawadi! Verna hakubishana. Aliuokota mpira wake akautia mkobani, karibu na keki aliyompikia Una.

Mvua iliwakuta mguuni mwa mlima. Waipa zikapiga kidogo, zikafa. Verna akaanza kuvuta. Kabla ya nusu ya mlima kamba ilikuwa imemla kiganja, ikawa inapita mbele ya kifua chake na wekundu wa damu.

"Simama kidogo niubadilishe mpira. Ninao hapa."

"Kibana chake nimekipaka rangi jana. Hakiguswi."

"Clarrie, naumia."

"Ninaona. Angalia usikidondoshee kiti damu."

Mvua ikazidi hata kamba haikufaa kitu. Clarrie akaegesha pembeni, akamimina chai ya chupa, akanywa taratibu. Verna akamwambia kwamba Una anakufa.

"Una anakufa tangu Pasaka," akajibu, akapuliza chai yake.

Mvua ilipopungua wakapanda wakamaliza. Na hata hapo hakwenda moja kwa moja. Alisimama kwenye kituo cha mafuta mwanzo wa mji, akaosha matope ya magurudumu, asije Neville akapita akaliona lori katika hali ile. Verna alikaa ndani, mkono kaufunga leso, anautazama mnara wa kanisa lililo mtaa wa Una.

Janelle alikuwa amesimama barazani.

"Ameondoka sasa hivi, mama mdogo. Chai aliyoomba bado ina moto. Mpaka mwisho anauliza, Verna kakawia wapi?"

Clarrie alivua kofia, akatoa pole. Halafu akauliza kama banda la nyuma lina nafasi, lori lisilale nje.

Kesho yake kwenye uwanja wa maonyesho, tambarare, injini ikinguruma polepole, waipa zilicheza kama harusini. Neville akausifu ule mpira wa asili, akapiga magoti autazame vizuri. Kisha akaiona kamba. Clarrie alisahau kuifungua, nayo ilikuwa imekaukiwa na damu. Akapewa nafasi ya pili.

Aliingia nyumba ya msiba watu wakiwa na vikombe mkononi.

"Kamba yako imeninyima kikombe," akamwambia mkewe, mbele za watu. "Damu yote ile, hata kuifuta ukashindwa."

Shangazi mmoja akaweka sahani chini. Verna alimtazama mumewe muda mrefu, na watu walioona walisema hakuonyesha hasira, alimtazama kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Kisha akaenda chumbani kukaa na dada yake.

Walimzika Una siku iliyofuata. Walipotoka makaburini wingu lilikuwa limeshaukalia mlima. Clarrie akaja mlango wa jikoni, sauti ya chini, mpole ambaye Verna hakuwahi kumwona.

"Mama, ule mpira wako mzuri unao? Mvua inakuja."

"Nimeuweka kwenye jeneza la Una, chini ya mto. Alikuwa anauliza nimekawia wapi. Nimempa jibu lake."

Clarrie akageukia lori.

"Haya, ingia basi twende. Kamba ipo."

"Mimi sirudi, Clarrie."

Ndoa nzima ilikuwa inamponyoka, na unajua alichouliza?

"Sasa kamba atavuta nani?"

Verna akafunga mlango, akamsaidia Janelle kuosha vyombo kwa mkono mmoja. Waliokuwa wakishuka mlima jioni ile walipishana na Clarrie akipanda, kichwa nje ya dirisha, macho kayafinya, mvua inamchapa uso. Mafuta hakuachia.