Bakuli Mbili za Chinsaga

Harufu ya chinsaga, ule mgagani wetu mchungu, ikichemka pamoja na maziwa katika chungu cha udongo, hunirudisha jikoni kwa nyanya, kule Magwagwa, miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka saba. Dada yangu Kemunto alikuwa na kumi.

Kemunto alikuwa amerudi kutoka Nairobi, alikotibiwa saratani ya damu muda mrefu hata nikaisahau sauti yake. Alikuja amepona, mashavu yamevimba kwa dawa, nywele zikichipuka kama wimbi shambani baada ya mvua ya kwanza. Mama alimketisha kwenye kigoda mlangoni, akatuonya sote: asiguswe, asitumwe, asikimbie. Basi sisi tukawa tunacheza, naye akawa anatutazama.

Siku moja, mama akiwa ameenda kuchuma chai, Kemunto aliniomba nimpeleke mtoni. Aliteleza kidogo tu, pale pale nilipozoea kuanguka na kucheka. Mkono wake ukavunjika kama kijiti cha kuwashia moto.

Nililia kuliko yeye. Niliamini nimemrudisha kwenye ugonjwa.

Daktari alimweleza mama kwamba dawa zilizoufukuza ugonjwa ndizo zilizoidhoofisha mifupa, na kukaa tu kunazidi kuidhoofisha. Anywe maziwa, ale mboga, na mkono ukiunga, atembee. Mama alisikia maziwa na mboga. La kutembea hakulisikia.

Nyanya, mama yake baba, alilisikia. Akaanza na chungu. Kwetu chinsaga ya maziwa hupikiwa mwanamke aliyetoka kujifungua, ili arudishe nguvu, kwa hiyo binamu yetu Ombati alipochungulia jikoni hakuweza kujizuia.

"Kemunto, tumekuja kuona mtoto! Yuko wapi?"

"Amelala," Kemunto akajibu, uso umekunjamana kwa uchungu wa mboga. "Ukimwamsha, utambeba wewe."

Kila mara nyanya alipakua bakuli mbili: moja ya Kemunto, moja ya mama, akasimama hadi zote ziishe. Mimi nilinung'unika kwa kunyimwa.

Mkono ulipounga, nyanya alianza kumtembeza: leo hadi migombani, kesho hadi langoni. Mama aliwafuata nyuma, mikono ameinyoosha kama anayefuata mtoto anayejifunza kusimama. Mwishowe Kemunto akaomba kibuyu, akateke maji mwenyewe.

"Akianguka je?" mama akauliza.

"Mama Kemunto, chinsaga bado iko shambani," nyanya akamjibu. "Mwache."

Mama akakaa kwenye kile kigoda, mikono ameibana katikati ya magoti. Tukangoja. Kemunto akatokea akipanda mlima taratibu kutoka mtoni, kibuyu kichwani, maji yakimchuruzika shingoni.

Nilikuwa nimezaa wangu wa kwanza, nyanya keshazikwa, mama alipoingia chumbani na bakuli ya chinsaga. Nilimeza kijiko kimoja, nikaitazama mikono yake, na hapo ndipo nilipoielewa ile bakuli ya pili: mama naye alihitaji nguvu, za kumwachilia mtoto.