Shikamoo, Mwizi

Kuna aibu yangu moja ambayo mke wangu huisimulia kila wageni wakija nyumbani, na kwa kuwa kila mara anaongeza chumvi (mara ya mwisho alisema nililia, jambo ambalo si kweli), nimeona afadhali niieleze mwenyewe kwa mpangilio, ili mkinicheka mcheke yaliyotokea kweli.

Wakati huo nilikuwa Afisa Ustawi wa Jamii pale Manyoni, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na kazi niliyopewa ilikuwa kuzungukia shule za vijijini na kuwashauri walimu namna ya kuwalinda watoto. Ilikuwa kazi kweli. Vijiji vilikuwa vipya, watu wametolewa juzi tu kwenye makazi yao ya zamani na kupangwa kwa mistari, jirani hamjui jirani, na mtu yeyote aliweza kusimama mlangoni mwa darasa katikati ya somo la hesabu akasema, "Mimi mjomba wake," akaondoka na mvulana kwenda kumchungisha ng'ombe huko porini upande wa Rungwa, au akaondoka na msichana, na habari za msichana huyo mkazisikia tena ameshaolewa.

Basi nikatunga kanuni. Mtoto haondoki shuleni na mtu mzima yeyote mpaka mkazi wa kijiji aliye mtu mzima asimame mbele ya watu aseme, "Huyu namjua." Asipopatikana wa kusema hivyo, watoto wapige yowe na kuziba njia. Hakuna cha zaidi. Kanuni fupi, hata mtoto wa darasa la kwanza anaielewa, na nilijivunia sana.

Nikaenda kuifundisha katika kijiji cha Juhudi, ndani kabisa ya vichaka vya ng'ambo ya Itigi, na kwa kuwa nilikuwa najiona mwigizaji (shuleni nilikuwa naigiza mkoloni kila mwaka), nikaamua kuwa mwizi wa watoto mimi mwenyewe. Nilivaa koti refu jeusi kwenye jua lile, kofia, miwani myeusi, nikaingia uwanjani nikichechemea, nikaanza kudanganya. "Mama yake amenituma!" Watoto wote, "Nani anakujua?" "Nina karatasi ya serikali, tazameni muhuri!" "Nani anakujua?" "Mtoto huyu anaumwa, nampeleka hospitali!" "Nani anakujuaaa?" Na yowe juu yake, kuku wakaruka kwenye paa la nyumba ya mwalimu. Darasa la kwanza wawili walilia na mmoja akanirushia jiwe. Nilifurahi kupita kiasi.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniponza. Nilitakiwa kuvua miwani na koti, nikae na wale wadogo, niwaambie kwamba mimi si mwizi, mimi ni Ndugu Mkumbo wa Ustawi, tulikuwa tunacheza tu. Lakini wingu lilikuwa limetanda, barabara ile ikinyeshewa gari halitoki, nikajisemea kwamba mwalimu mkuu atawaeleza. Nikaingia kwenye Landrova nikaondoka vilevile, na koti langu na miwani yangu, huku watoto wakinifukuza kwa shangwe hadi mwisho wa kijiji, watu wazima wote wakiwa shambani. (Mwalimu mkuu naye, nilikuja kujua baadaye, alidhani nimeshawaeleza mimi.)

Miezi ikapita. Siku moja nikawa natoka safari ya Rungwa, naendesha mwenyewe kwa sababu dereva alikuwa amelala na malaria, nikasema nipitie Juhudi kuwasalimu. Nikakuta mwalimu mkuu na mwenzake wamekwenda semina Itigi pamoja na mwenyekiti wa kijiji, wanakijiji wako shamba la pamoja wanapalilia mtama, na shuleni amebaki mwalimu mmoja kijana, mgeni, ndiyo kwanza ameletwa, ambaye hakunijua kabisa. Tena nikamkuta ameshikwa na bumbuwazi, maana msichana wa darasa la tatu, Zaina, alikuwa ameanguka kutoka kwenye mti akivunja kuni za uji, na mkono wake ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Wazazi wake walikuwa msituni kurina asali. Halii, amekaa tu, jasho linamtoka.

Nikamfunga mkono kwa kipande cha ubao na kitambaa, nikampa maji, nikamkalisha kwenye gari. Hospitali ya misheni ilikuwa mwendo mrefu, mkono umeanza kuvimba, na kila tukichelewa, kuuunga kunakuwa kugumu. Nikawasha gari. Jua lilikuwa linanipiga usoni, kwa hiyo (ndiyo, najua) nikavaa ile miwani myeusi.

Yowe lililopigwa pale sijapata kulisikia tena. Darasa la kwanza na la pili walitoka kama nyuki, wakajipanga barabarani mkono kwa mkono, na mbele yao akasimama kiranja mkuu, Veronika, msichana mrefu wa darasa la saba, akaweka kiganja chake juu ya boneti.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba. Veronika, tupishe, huyu mtoto anaumwa, nampeleka hospitali."

Nilipomaliza tu sentensi ile nilijua nimekwisha. Watoto wote, kwa sauti moja: "Nani anakujuaaa?"

"Lakini wewe si unanijua? Mimi ndiye niliyewafundisha!"

"Nakujua, baba. Lakini ulisema mwanafunzi hawezi kumsemea mtu. Ulisema awe mtu mzima wa kijiji."

"Sawa. Basi tazama kitambulisho changu, kina muhuri wa..."

Akanitazama kwa huruma. Hata hakukipokea.

Wakati huo watu wazima walikuwa wanafika mbio kutoka shambani na majembe yao, na mbele yao kamanda wa mgambo, Ndugu Ntandu, mtu mpana mwenye fimbo ya mpingo na sauti ya kuamrisha gwaride. Akaniteremsha. Akauliza watoto, huyu ni nani? Na kabla mimi wala Veronika hatujafungua mdomo, kitoto kimoja cha darasa la kwanza, kaptura yake imefungwa kwa kamba ya katani, kikasogea mpaka mbele yangu, kikainamisha kichwa kwa adabu yote kiliyofundishwa na bibi yake, kikasema:

"Shikamoo, mwizi."

Nami nikajibu, "Marahaba, mwanangu."

Ndugu zangu, mtu aliyelelewa kwetu akisikia shikamoo, mdomo hujibu wenyewe, haungoji kichwa. Lakini nenda kawaeleze watu wenye majembe.

"Ameitika!" akapiga kelele mama mmoja. "Mmesikia? Ameitika mwenyewe!"

Ntandu akamgeukia Zaina ndani ya gari. "Mjukuu wangu, unamjua mtu huyu?"

"Ndiyo, babu. Ni mwizi wa watoto." Akafikiri kidogo. "Lakini ni mpole. Amenipa maji."

Wapo waliocheka, ila Ntandu hakucheka. Akaniambia kwamba mtoto atakwenda hospitali, hilo halina ubishi, ila hatakwenda na mimi, watatafuta baiskeli. Baiskeli! Na mkono ule, kwenye barabara ile! Ningeweza kupiga kelele, kutaja mkuu wa wilaya, kutisha watu. Nilishafungua mdomo. Nikawaona wale watoto wameshikana mikono barabarani, wadogo kabisa, wanatetemeka na hawasogei, nikajua nikipita hapo kwa ubabe, kesho atapita mwingine kwa ubabe huohuo, na kanuni yangu haitakuwa kanuni tena. Nikafunga mdomo.

"Yupo mtu anayenijua," nikasema. "Mama yake Eliza, aliyehamia hapa kutoka Ikungi. Mimi ndiye niliyemwoa binti yake."

Watu wakatazamana. Akaitwa. Na mimi, kwa furaha ya kuona nimepata mdhamini, nikasahau kabisa kwamba mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaonani uso kwa uso, hawapishani njia moja, hawasalimiani kwa kushikana mikono, na kwamba tangu nimwoe Eliza yule mama hakuwahi kuniona wala mimi sikuwahi kumwona.

Akatokea kona ya ghala la mtama, mwanamke mwembamba mwenye jembe begani. Mtu akamnyooshea kidole nilipo. Yule mama akatupa jembe, akajifunika kanga kichwa kizima, akageuka, akakimbia.

"Eee!" watu wakasema kwa pamoja.

"Hata mwenyewe amemkimbia," akasema Ntandu, akaishika fimbo vizuri zaidi.

Nilichosema pale hata sikumbuki, nadhani nilikuwa naita tu "mkwe! mkwe!", na kila nilipoita alizidi kukimbia. Aliyeniokoa ni bibi mmoja aliyeketi kwenye majani akijipepea, akasema, "Nyie nanyi, akili zenu zimebaki shambani? Mwanamke amemkimbia mkwewe. Angekuwa mwizi wa kweli, mama huyu angempiga kwa jembe."

Mama mkwe akarudishwa kwa kuzunguka nyuma ya nyumba, akakaa chini upande wa pili wa Landrova, mimi upande huu, gari katikati yetu. Akaanza kusema na tairi.

"Kamanda, mwambie huyo mtu apunguze kelele. Sauti nimeisikia, inafanana. Ila kufanana si kujua."

"Basi chungulia umtazame uso, mama," akasema Ntandu.

"Uso wake nitaujulia wapi? Sijapata kuuona, na leo siuoni. Mwambie avue viatu."

"Viatu?"

"Siku aliyokuja kuposa alivua viatu mlangoni, mimi niliketi nyuma ya pazia, na pazia lilikuwa fupi. Avue, asimame karibu na gari."

Nikavua viatu mbele ya kijiji kizima, shule nzima, na mwalimu mgeni. Soksi moja ilikuwa na tundu, kidole gumba kimechungulia nje. Nikavua na soksi. Visigino vyangu wakati ule vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi, na kidole changu kidogo cha mguu wa kushoto kimempanda mwenzake tangu jembe lilipokipitia utotoni. Mama mkwe akainama akachungulia chini ya gari. Akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ndiye," akaliambia tairi. "Kidole kile hakina pacha. Nilimwambia Eliza siku ileile, mtu huyu moyo wake unaonekana mzuri, lakini miguu haitunzi. Huyu namjua. Mpeni mtoto aende."

Watoto wakaachia mikono. Veronika akanifungulia mlango wa gari kama vile hakuna kilichotokea. Ntandu alipanda naye, kwa tahadhari tu, akakaa na fimbo yake magotini mpaka hospitali, na njia nzima Zaina alimweleza jinsi nilivyowahi kulipigia kelele darasa zima nikiwa na koti. Mkono uliungwa vizuri. Mwaka uliofuata nilimkuta anaruka kamba.

Mimi nilirudi Manyoni nikidhani habari zitachelewa kufika. Wiki haikuisha, akaja mtu kutoka Juhudi na kopo la samli, akalikabidhi kwa mke wangu pamoja na maneno ya mama yake: samli hii si ya kula, ni ya visigino vya mkwe wangu. Eliza alicheka mpaka akakaa chini.

Tangu siku hiyo sijapata kuvaa miwani myeusi karibu na mtoto. Na kila shule niliyokwenda, hata waliponijua kwa miaka, nilisimama nje nikangoja mkazi mmoja aseme ananijua, ndipo niingie. Niliwaambia walimu ni utaratibu wa kazi. Hawakujua kwamba asubuhi yake, kabla sijafunga kamba za viatu, nilishapaka samli.