Mtumbwi wa Baba Mkubwa, Ndizi za Baba

Baba yangu na kaka yake waligombana kwa sababu ya rais wa nchi ya mbali ambaye hawajawahi kumwona, na ambaye nina hakika hajui kama kijiji chetu cha Mugoma kipo. Nchi yenyewe siitaji. Nikiitaja hapa ugomvi utaanza upya, na mimi nimechoka.

Nyumba zao zinatenganishwa na mistari michache ya migomba. Kila jioni walikuwa wanakaa benchi moja nje kwa baba mkubwa, redio katikati yao, wakisikiliza habari za dunia. Basi yule rais akaingia madarakani, akaanza kuwafokea majirani zake. Baba akampenda papo hapo. "Huyu ndiye mwanaume," alisema. "Hamwogopi mtu." Baba mkubwa akasema mwanaume gani anagombana na kila anayepakana naye, na kwamba kuanzia siku hiyo yeye yuko upande wa ile nchi nyingine kubwa, hasimu wake. Baba akamwuliza hiyo nchi nyingine imemsaidia nini. Baba mkubwa akamwuliza na hiyo yake imemletea nini. Maswali yote mawili yalikuwa magumu, kwa hiyo wakakasirika zaidi.

Siku iliyofuata baba alirudi nyumbani na nusu ya benchi. Sisemi kwa mafumbo, walilikata kwa msumeno. Kila mmoja akabaki na kipande chenye miguu miwili, kisichokalika mpaka ukiegemeze ukutani.

Ikafuata vita ya vikwazo. Baba alikataza ng'ombe wa baba mkubwa wasipite kwenye njia yetu ya mtoni. Baba mkubwa akakataza watu wa kwetu kuchaji simu kwenye sola yake. Mama yangu, ambaye simu yake ndiyo iliyozimika, aliuliza yeye amefanya nini. Baba akamwambia asiwe na wasiwasi, adui ataumia kwanza. Mama akaendelea kumenya maharage.

Mimi nafanya kazi Rusumo, mpakani, kwenye ofisi ya kutoa mizigo forodhani. Shughuli yangu ni kubishana kutwa, na hasira ninayo ya kutosha, msije mkadhani mnasimuliwa na mtu mpole. Pale Rusumo nimeona wakubwa wa nchi wakinuniana mpaka malori yakapanga foleni hadi juu ya kilima. Madereva wenyewe, wa nchi hii na ile, walikuwa wanasonga ugali sufuria moja chini ya trela na kuazimana chumvi. Nikawa nacheka habari za nyumbani kila mama aliponipigia kwa simu ya kuazima. Niliacha kucheka siku nilipopata mchumba.

Mchumba wangu ni wa Murusagamba. Mwalimu, mpole, anasikiliza mpaka unamaliza. Umri wangu ulikuwa umeshafika pale ambapo shangazi zako hawakuulizi tena, wanakuombea tu kimyakimya kanisani. Ndugu zake nao walikuwa na mashaka nami. Walisema mwanamke wa mpakani, aliyezoea kugombana na madereva, atakaaje na mume. Wakapanga kuja kuniposa Jumamosi, na mimi nilijua kwamba wakipata sababu ndogo tu ya kurudi nyuma watarudi. Nilimtaka yule mwalimu. Naliandika hivyo hivyo lilivyo, nilimtaka, na kwa hiyo Jumamosi ile ilikuwa yangu kuliko ya mtu yeyote.

Sasa, kwetu wageni wa posa hawafungui mdomo mpaka wanywe urwagwa, pombe ya ndizi, iliyokamuliwa hapo hapo nyumbani. Ukiwapa ya kununua umewaambia kwamba nyumba yenu haina wanaume. Maana kukamua ni kazi ya wanaume. Ndizi zinavundikwa shimoni hadi ziive, zinamenywa, zinawekwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, kisha mwanaume anaingia na miguu yake kuzikanyaga mpaka maji yatoke. Mwanamke akikanyaga, wanasema, pombe inachacha. Wakishamaliza kuonja, wageni huuliza nani kakamua, naye hupewa kibuyu chake peke yake na kusifiwa mbele ya watu.

Ndizi za pombe zilikuwa za baba, na alikuwa ameshazivundika. Mtumbwi ulikuwa wa baba mkubwa, alioachiwa na babu, na mtumbwi mwingine wa maana hapakuwa nao karibu.

Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda gari kwenda Mugoma kufanya usuluhishi. Nilianza na baba. "Shikamoo baba." "Marahaba. Umekuja kunishawishi?" Nikamwambia ndiyo, aende kuomba mtumbwi. Akasema hawezi kumpigia magoti mtu anayeunga mkono maadui. Nikamwuliza maadui wa nani. Akasema wa yule rais. Nikamwambia yule rais haji kunioa.

Nikavuka migomba kwa baba mkubwa. Nilimkuta amevaa fulana aliyopewa kwenye semina ya jinsia, imeandikwa kifuani HAKI SAWA KWA WOTE. Ile semina naikumbuka vizuri. Wanaume walikaa darasani wakifundishwa usawa, na wanawake walikuwa nje wakiwapikia wali. Mama mkubwa, mke wake, alipika sufuria mbili na hakusikia hata neno moja kwa sababu ya moshi. Nikamwambia baba mkubwa, basi kama wewe na mdogo wako hamtaki kukamua pamoja, niazime mtumbwi, nitakamua mwenyewe.

"Wewe mama, umelogwa?" alisema. "Mwanamke kwenye mtumbwi?"

"Fulana yako inasema haki sawa."

"Hiyo ni ya mambo ya serikali. Pombe siyo mambo ya serikali." Akaniambia rais wangu, akimaanisha wa baba, ndiye aliyeharibu dunia, na kwamba mdogo wake akija mwenyewe kuomba msamaha, mtumbwi atapewa.

Nilirudi nikiwa nimevimba. Nililia pia, nyuma ya jiko, kilio cha hasira ambacho hata hakinisaidii. Ilikuwa Jumatano, na ndizi zilikuwa zimeshaanza kunukia shimoni. Zikipitiliza zinaoza, na ndizi nyingine zisingeiva kabla ya wageni.

Mama alinikuta pale akaniambia nifute uso. Alikuwa ameshavuka migomba mara kadhaa siku hiyo, na kila aliporudi alikuwa mchangamfu kuliko alivyoondoka. Yeye na mama mkubwa hawakuwahi kugombana. Walikuwa wanaulizana habari za wale marais kama watu wanavyoulizana habari za mwenye kichaa wa mtaa wa pili, kisha wanarudi kwenye mambo yao.

"Mtumbwi ni wa mume wake," mama alisema, "lakini anayeuosha ni nani?"

Basi Alhamisi alfajiri mama mkubwa aliutoa mtumbwi kuuosha. Aliuosha kwa mwendo. Aliuburuta kupitia migomba, huku akiumwagia maji kwa kata ili asiwe mwongo, mpaka ukafika uani kwetu. Mama naye alikuwa ameshafukua ndizi. Tukamenya, tukatia nyasi, kisha tukatazamana.

"Ingia wewe," mama mkubwa alisema. "Ndiwe unayeolewa."

Nikakunja gauni nikaingia. Jamani, ndizi ni baridi alfajiri. Zinateleza, zinaingia katikati ya vidole, na nyasi zinakuchoma nyayo. Nilikanyaga nikimkanyaga yule rais, nikamkanyaga na hasimu wake, nikamkanyaga na shangazi wa mwalimu wangu, ambaye nilisikia ndiye mwenye mashaka kuliko wote. Mama na mama mkubwa walicheka mpaka wakakaa chini. Jua lilipotoka tulikuwa tumeshachuja, tumetia maji na unga wa mtama wa kukaangwa, tumefunika kwa majani. Tukabaki kungoja ichachuke, na kuomba isichache.

Wazee wetu hawakusema kitu. Jambo hilo lilinishangaza. Baba aliona shimo tupu, akaguna, akaenda kuwatazama mbuzi. Baba mkubwa alikuta mtumbwi umerudi unanukia ndizi, akaongeza sauti ya redio. Ijumaa nilimsikia baba akipiga mluzi. Nilijua kuna kitu, sikujua ni nini.

Jumamosi wageni walikuja, wanaume kadhaa pamoja na yule shangazi, mama mnene mwenye macho makali na kitenge kipya. Mimi nilikuwa ndani, nimefunikwa, nikisikiliza mlangoni. Baba na baba mkubwa walikaa kwenye vile vipande viwili vya benchi, kila mmoja ameegemea ukuta wake. Vibuyu vikapita. Nikasikia mtu anavuta mrija, kisha mwingine. Msemaji wa wageni akasema hajanywa urwagwa ya namna hii tangu babu yake afariki.

"Nani kakamua?" aliuliza.

Baba akasimama. Nilidhani roho inanitoka. "Kakamua kaka yangu," alisema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Tulikuwa na tofauti kidogo. Ameziweka pembeni kwa ajili ya binti yetu."

"Hapana," baba mkubwa akasema, naye anasimama. "Ni mdogo wangu aliyekamua. Mimi nimetoa mtumbwi tu. Yeye ndiye aliyeanza kunyoosha mkono."

Ndipo nikaelewa. Baba aliona ndizi zimeondoka, akaamini kaka yake ameziomba kupitia wanawake. Baba mkubwa aliona mtumbwi umeondoka, akaamini mdogo wake ameuomba kwa njia hiyo hiyo. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyesalimu amri, na kwa sababu hiyo kila mmoja akawa mkarimu. Wakaanza kusukumiana kile kibuyu cha mkamuaji. Wewe. Hapana, wewe. Mama alinishika mkono kwa nguvu pale mlangoni, na nilijua anafikiri ninalofikiri, kwamba tukisema ukweli tunaharibu amani, na tukinyamaza nimewakamulia watu wengine sifa.

Msemaji, akiona mambo yamekwama, akaomba binti aletwe.

Nikatoka. Mkwe huonyeshwa bila viatu, na mimi nilikuwa nimesugua miguu kwa majani, kwa ndimu, hata kwa mafuta ya taa, lakini utomvu wa ndizi hausikii la mtu. Nilikuwa wa kahawia iliyokolea kutoka vidoleni mpaka juu ya vifundo. Nikapiga magoti na kujaribu kuificha chini ya kitenge. Yule shangazi aliinama, akafunua pindo, akatazama muda mrefu.

Kisha akanyoosha mkono, akachukua kibuyu katikati ya baba na baba mkubwa ambao walikuwa bado wanasukumiana, akaniwekea mkononi.

"Mwenyewe ni huyu," alisema.

Joto lilikuwa kali na baba mkubwa, kwa kufadhaika, alifungua koti lake. Ndani alikuwa amevaa ile fulana. Shangazi akaisoma polepole, akifuata herufi kwa kidole.

"Mimi sikusoma sana, mkwe," alimwambia, "lakini hiyo nimeisoma."

Baba mkubwa alitazama kifua chake. Akatazama kibuyu alichokuwa ameshakimaliza, na kingine kabla ya hicho. Mwanamke akikanyaga pombe inachacha, na yeye alikuwa ameisifu mbele ya wageni mara tatu. Baba naye alikuwa amemgeukia. Nilimwona uso wake umeshuka, na nikamhurumia kwa kweli, kwa sababu kwa siku mbili nzima alikuwa ameamini kaka yake amemrudia.

"Kaka," alisema, "kwa hiyo hukuomba ndizi?"

"Sikuomba. Na wewe hukuomba mtumbwi?"

"Sikuomba."

Wakakaa. Baba mkubwa akakung'uta kitu kisichokuwepo gotini. "Ungeomba ningekupa," alisema.

"Na mimi ningekupa."

"Basi niongezeeni," baba mkubwa akamwambia mama, akanyoosha kibuyu. Wageni wote wakapumua kwa pamoja.

Wakati wa kuagana shangazi alisema binti wanamchukua, na kama inawezekana na mtumbwi wauchukue. "Mtumbwi hauondoki hapa," baba mkubwa akasema. "Hauondoki," baba akasema. Kwa muda mrefu hawakuwa wamekubaliana juu ya jambo lolote.

Kabla ya harusi ilibidi kukamua tena. Siku hiyo niliamka nikakuta mtumbwi uani. Waliuleta wenyewe, baba mkubwa ameshika mbele na baba nyuma, wakibishana njia nzima kuhusu yule rais. Waliutua, wakamimina ndizi, wakarudi nyuma hatua kadhaa, wakaendelea kubishana huku wakinisubiri niingie.

Mama alininunulia viatu vyeupe vya kufunika, kwa ajili ya ile miguu. Nilimshukuru, nikaviacha ndani. Kanisani niliingia na ndala za kamba, na shangazi aliyekaa benchi la mbele aliinama kutazama kabla hajanitazama usoni.