Kaburi la Mawe Matatu, Njia ya Yiti

Ukitoka Maskati kwenda Yiti, pana mahali barabara inakwepa kando bila sababu ya maana. Sababu ni mimi.

Mwanzo wa miaka ya tisini, Ijumaa moja, mimi na mama tulisimama pale tupike wali. Niliona mawe matatu yamesimama kando ya njia, nikayachukulia kuwa mafiga yaliyoachwa na wapita njia. Kwetu Unguja, tulikotoka, mawe matatu ni jiko, basi. Yalikuwa yameachana mno kwa sufuria yetu, nikaling'oa la katikati nilisogeze.

Mwanamke aliyekuwa akichunga mbuzi alitujia mbio. Hilo ni kaburi la kale, alisema kwa Kiarabu. Huku mwanamume huwekewa mawe mawili, mwanamke matatu. "Umemfanya mwanamume," aliniambia, wala hakucheka.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nililirudisha jiwe, nikalishindilia kwa mikono mpaka kucha zikavunjika. Tangu siku ile, kila tukipita pale mama alishusha kioo akasalimia: "Assalaam alaykum, bibi. Huyu mjinga wangu nnaye hapa."

Miaka ikapita. Nilikuwa nimeshaajiriwa wizarani, mtaa wa Al Khuwair mjini, walipokuja kupanua barabara. Alasiri moja nampeleka mama Yiti kununua samaki, nikaona mawe yale yamepigwa rangi nyekundu na tingatinga limesimama karibu. Nilimwendea msimamizi, bwana mpole mwenye daftari. Kaburi linahamishwa, alisema, maana wenyewe hawajajitokeza.

"Huyu hana mtu," alisema.

Hapo nilipandwa na hasira. Sisi wenyewe tulipofika Maskati, kila dirisha la ofisi tuliulizwa watu wetu ni nani, tukaonyesha karatasi za babu, tukaambiwa turudi kesho. Sikuwa tayari kumwona mwanamke mwingine akiondolewa alipolala kwa swali lile lile. Nilikaa kwenye changarawe mbele ya tingatinga, na buibui langu la kazini, nikamwambia siondoki.

"Mtu anaye," nikasema. "Andika jina langu."

Akaandika jina langu na la ukoo. Kisha akauliza, "Wewe ni nani wake?"

"Mwanawe."

Mama yangu mzazi alikuwa garini, amesikia kila neno. Akateremka taratibu, akaja akakaa ubavuni mwangu.

"Andika wawili," akamwambia.