Mtoto wa Kiema

Baba yangu Kiema alifariki miaka thelathini na miwili kabla sijazaliwa, na sijawahi kuona tatizo lolote hapo. Wanaoona tatizo ni watu wa mbali. Wakisikia hivyo huanza kuhesabu miaka kwa vidole, kisha wananitazama kwa huruma. Huruma yao wakae nayo. Mimi nina baba, nina mama wawili, na nyumba yetu iko nje kidogo ya Migwani, ukishuka kuelekea mtoni. Lakini ninayetaka kusimulia habari zake si Kiema. Ni jirani yetu Muli, mtu wa mizinga ya nyuki, tuliyemzika mwaka wa 1988.

Muli alilelewa na mama mmoja aitwaye Syombua. Syombua hakujaliwa mtoto, na mumewe alipokufa alifanya kama wanavyofanya wanawake wengi wa Ukambani wenye boma lisilo na mrithi. Alipeleka mbuzi kwa watu, akaoa mke. Mke wa namna hiyo tunamwita iweto. Anachagua mwanamume anayemtaka mwenyewe, na hakuna anayeuliza jina la huyo mwanamume, kwa sababu watoto ni wa nyumba iliyotoa mbuzi, na huitwa kwa jina la mume aliyekufa. Iweto wa Syombua alimzaa Muli, halafu homa ikamchukua iweto huyo, mtoto akiwa hajaota meno. Syombua akambeba mgongoni mpaka akawa mtu mzima.

Mwaka wa 1962 Muli alikuwa na miaka ishirini na sita, na mama yangu Nzilani alikuwa na ishirini na minne. Walikutana mtoni wakati wa kiangazi. Mama husema mchana ule mchanga ulikuwa mweupe mpaka unaumiza macho, na hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa nyuki waliokuja kunywa kwenye kisima chake alichochimba kwa mikono. Muli aliwafuata nyuki wake mpaka hapo, akinuka moshi na asali. Maji yalikuwa yakijaa polepole, kata moja, kisha kungoja, kisha kata nyingine. Wakangoja pamoja. Mama anasema mtungi wake haujawahi kuchelewa kujaa namna ile, na anaposema hivyo, hata sasa akiwa mzee, macho yake huenda mahali ambapo mimi siwezi kufika.

Shida ilikuwa ukoo. Syombua aliolewa katika ukoo ule ule wa baba yake Nzilani, kwa hiyo Muli na Nzilani walihesabiwa ndugu. Kwa damu hawakuwa na uhusiano hata wa mbali. Hilo lilijulikana kwa kila mtu, hata kwa watoto.

Wazee wakaitisha kikao. Mzee Mutie, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji, hakuwa mtu mbaya. Alitaka kusaidia.

"Kijana, hii si maneno ngumu," alisema. "Damu yako si ya huku, sisi wote tunajua. Sema tu hapa mbele ya watu, wewe si wa nyumba ya Syombua. Kesho unapeleka mbuzi kwa kina Nzilani."

Syombua alikuwa ameketi pale pale akisuka kiondo. Mikono yake ikasimama. Hakuinua uso.

Muli akaitazama ile mikono. Kisha akasema, "Mzee, mimi ni wa Syombua."

"Basi huyo ni dada yako."

"Nimesikia."

Akaondoka, akapitia kwenye mizinga yake na hakuonekana siku tatu. Mama alikasirika. Msimu mzima wa mvua hakumsemesha, na mimi simlaumu. Mtu aliombwa neno moja tu, akakataa.

Aliyefanya jambo ni Syombua. Mvua zilipoisha alijifunga leso yake nzuri akaenda kwa jirani yake Ndululu, mjane wa Kiema, wa ukoo mwingine kabisa, aliyekuwa akilima shamba kubwa peke yake.

"Ndululu, wewe bado unataka mtoto wa Kiema?"

"Nilikuwa nataka. Sasa nimezeeka."

"Oa Nzilani."

Ndululu akafikiri. "Na mwanaume?"

"Hiyo iliulizwa lini?"

Mama alipopelekewa habari alikubali kabla hawajamaliza kueleza. Wazee walikaa tena, wakalizungusha jambo huku na huku, na hawakupata pa kulishika. Iweto ni iweto. Mzee Mutie alikohoa sana siku ile, kisha akala nyama yake. Kanisani ndiko walikonuna, na Mama alikaa miaka mingi bila meza ya Bwana.

Hivyo ndivyo nilivyopata mama wawili. Ndululu nilimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, na Nzilani nikamwita Mama. Na jioni, vumbi linapotulia na mbuzi wanarudi, Muli alikuja kwa kile kijia cha katikati ya katani, akiwa na asali kwenye sega. Aliketi kwenye kigoda nje. Hakuniita mwanangu hata mara moja. Alisema, "Habari ya mtoto wa Kiema," nami nikajibu njema, na tukala asali mpaka nyota zikatoka.

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa biolojia alitufundisha urithi. Akasema hata kidole kidogo kilichopinda hutoka kwa mzazi. Nikatazama mkono wangu. Jumamosi nikaenda nikatazama mkono wa Muli uliokuwa ukikamua masega.

"Mwalimu amesema nini?" aliniuliza bila kugeuka.

"Kidole kinatoka kwa mzazi."

"Mwambie Kiema alikuwa na kidole kama hicho."

"Ni kweli?"

"Sikumjua Kiema," alisema. "Lakini sasa ako nacho."

Muli alipokufa, Syombua alikuwa ameshatangulia, na yeye Muli hakuwahi kuoa. Watu walijaa. Mchungaji akaita watoto wa marehemu waje watie udongo wa kwanza. Mama alitazama chini. Mwaitu, aliyekuwa mzee sana, aliinama sikioni kwangu.

"Ukitaka kusimama, simama. Mimi sitasema kitu."

Nilitaka. Nilimpenda mtu yule, na magoti yangu yalikuwa yameshaanza kunyanyuka. Lakini nilitazama mikono ya Mwaitu. Ilikuwa imesimama juu ya bakora yake, haitikisiki, na nikajua ni swali lile lile aliloulizwa Muli mbele ya wazee, na kwamba yeye alilijibu miaka mitatu kabla sijazaliwa.

Nikakaa.

Mchungaji akasema marehemu hakuacha mtoto. Akaita ndugu, kisha majirani, nami nikapanga foleni pamoja na majirani. Mzee mmoja wa mbali aliyekuwa akisimamia kaburi hakunifahamu.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa Kiema," nikasema, nikachota udongo kwa mkono wenye kidole kilichopinda, nikamfunika.