Samaki wa Anko Wafula Arudi kwa Kontena

Nilitumwa Silanga kwa sababu kwetu Kabiro ni mimi tu ambaye Kiingereza chake hakimuogopi mzungu. Anko Wafula, kakake mamangu, huchonga huko bangili za mifupa ya ng'ombe, na Jumamosi hiyo kampuni moja ya kuuza na kuagiza bidhaa ng'ambo ilikuwa inamletea wawekezaji. Mwaka jana ilibeba sampuli zake ikaahidi oda kubwa. Oda haikuja. Anko alizidi kuingoja, hata akakodi kibanda cha pili.

Asubuhi, nyumbani. Mama alipiga shati langu pasi mpaka kola ikasimama yenyewe.

"Usiwachekeshe wageni."

"Mathe, wakicheka wenyewe je?"

Soko la Toi. Nilikuwa nakata njia tu, nikasimama kama niliyezabwa kofi. Meza nzima ya bangili nyeupe, kila moja na samaki aliyekatika mkia upande mmoja. Mkia huo naujua! Tupa ya Anko iliteleza akichonga sampuli, na wenye kampuni walikuwa na haraka, akawapa hivyo hivyo.

"Hii ni mfupa?" nikamuuliza muuzaji.

"Mfupa gani, bro? Plastiki. Imetoka kwa kontena."

"Na samaki alikatwa mkia na nani?"

"Ndio staili ya majuu. Unanunua ama unahoji?"

Nikanunua moja kwa pesa ya chapati. Hasira ilinishika mpaka njaa ikaniogopa. Hawa watu wameiba hadi kosa!

Silanga. Wageni walikuwa wameshafika. Wakala wa kampuni, jamaa wa hapa hapa Nairobi mwenye viatu vilivyochongoka, alikuwa anataka sampuli sita mpya, bure tena, na Anko alikuwa anazifunga kwa gazeti. Nikaweka ile plastiki mezani. Anko akaigeuza, akagusa mkia.

"Boss, ni nyinyi mlileta hii?" nikamuuliza wakala.

"Kijana, hiyo ni biashara. Tunapeleka, tunaleta."

"Mlipeleka samaki wa nani?"

Mzungu mmoja akaniuliza kuna nini. Nikamtafsiria yote bila kuongeza chumvi, ingawa nilikuwa nayo tele. Akamtazama wakala. Wakala akatazama saa.

Anko akafungua lile gazeti, akazipanga bangili zake mezani.

"Mzee, unafukuza wawekezaji?" wakala akauliza.

"Sifukuzi mtu. Sampuli ni kijiko cha kuonja mchuzi. Nyinyi mlibeba sufuria. Anayetaka, anunue."

Hakuna aliyenunua. Waliingia kwa fundi jirani, naye akawapa zake bure huku anatabasamu. Hapo ndipo nilipokaribia kulia, na mimi si mtu wa kulia.

Jioni, kurudi. Anko alimrudishia landilodi ufunguo wa kibanda cha pili, akanipa zile bangili sita nikawauzie akina mama wa kanisa letu. Nimejifunza hivi: mwekezaji anayeanza kwa kukuomba bure, wewe ndiye uliyewekeza kwake.

Nilizivaa zote sita mkononi. Pale Ngong Road vijana wakaniona.

"Niaje, bibi harusi!"

"Pisheni barabara," nikawaambia. "Kontena inapita."