Fundi alitoboa bomba la choo kando ya kisima changu, kisha akanisomea fiqhi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, anayetuteremshia mvua bila kututumia bili.

Wakuu, salaam. Vijana mnaotaka kuniamkia, marahaba. Nitakayoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu, na sitaongeza chumvi.

Niko Newala, upande wa Mnyambe. Mimi ni mwalimu wa chuo cha Qur'ani. Huku juu maji ya mvua ndiyo uhai: tunayavuna kwenye bati, yanaingia kisima cha saruji chini ya ardhi, tunayanywa hadi masika mengine.

Mwaka huu nilimjengea mke wangu, Mama Zuhura, jiko la ndani lenye sinki. Maji machafu yalitakiwa yaungwe kwenye bomba la choo lililopo, PVC ya inchi nne.

Nikampa kazi Athumani, fundi wa Masasi. Nilimsomesha chuoni akiwa mdogo, nikamwamini. Nikaenda zangu shambani kwenye mikorosho. Niliporudi, mtaro ulikuwa umeshafukiwa.

Wiki mbili baadaye Mama Zuhura akaniita.

"Baba Zuhura, hapa kando ya kisima mbona pamelowa, na mvua hakuna?"

Nikachimba mwenyewe.

Wakuu, nilishika kiuno. Athumani alichoma chuma motoni, akatoboa bomba la choo, akachomeka kibomba cha sinki humo, kisha akapaka saruji! Saruji na plastiki vimeshikana lini? Ilishapasuka, na uchafu wa choo unavuja. Kutoka hapo hadi ukuta wa kisima ni dhiraa mbili tu.

Nilimwita. Akaja, akapewa muhogo wa kuchemsha, akakaa.

"Maalimu, usiwe na hofu," akasema huku akitafuna. "Si wewe ulitufundisha maji mengi hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu?"

Mimi ni mtu wa subira, lakini hapo damu ilichemka. Somo langu mwenyewe analitumia kufunikia kazi mbovu!

Nikachota kikombe kisimani.

"Umehifadhi vizuri, mwanangu. Sasa kunywa."

Akakitazama.

"Maalimu, leo nimefunga."

"Na huo muhogo?"

Mama Zuhura alicheka hadi akaketi. Athumani akakiweka kikombe chini taratibu, akaufuata mtaro.

Alikata kile kipande kilichotobolewa, akaweka kiungo cha Y kwa gundi ya PVC, mkono wake umelalia kule maji yanakoelekea. Chini ya sinki akaweka ile kona inayobaki na maji ili harufu isipande. Tulimwaga ndoo kumi za maji kwenye sinki mtaro ukiwa wazi. Pakavu, alhamdulillahi.

Ila kisima nimekifunga. Rangi haijabadilika, lakini tahara ni jambo moja na kuhara ni jingine. Maji yale tunamwagilia migomba. Ya kunywa Mama Zuhura anachota kwa jirani, yule yule aliyekuwa akija na ndoo kuchota kwetu. Hajatudai hata shukrani, Mungu amlipe.

Nilichojifunza: usiruhusu kazi ifukiwe kabla hujaiona, hata kama fundi ni mwanao.

Mafundi mliomo humu, nisaidieni: nikishakausha kisima, nikisafisheje kabla ya mvua? Na aliyefanyiwa kama mimi aseme.

Wewe uliyesoma, Mungu akujaalie maji safi nyumbani, na fundi anayemwogopa Yeye hata pale ambapo udongo utaifunika kazi yake. Amin.